Mawese jikoni, mafuta meupe mezani

Nyumba nyingi za Mwanga, Gungu na Ujiji, mitaa ya mji wa Kigoma, zina mafuta ya aina mbili. Kuna mawese, mafuta ya mchikichi, mekundu, yamo kwenye dumu la zamani au chupa ya maji iliyooshwa, na hayo ndiyo ya sombe (kisamvu), maharage na migebuka, samaki wa ziwani, ya siku zote. Halafu kuna mafuta meupe, yanayonunuliwa kwa kipimo dukani, au kwa ndoo ya lita 20 kukiwa na shughuli. Akija mgeni kutoka Dar es Salaam, au wakija wakwe, dumu la mawese husogezwa pembeni na chakula hupikwa kwa mafuta meupe. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Tena wakwe wenyewe mara nyingi wamekulia mawese hayohayo huko Kasulu au Buhigwe, na wangeyala kwa furaha.

Ukiuliza sababu utajibiwa kwamba mawese yana harufu, yanaganda mwilini, halafu ni chakula cha kila siku. Majibu mawili ya kwanza yanahusu mafuta, na tutayapima. La tatu linahusu watu, na ndilo zito. Mgeni hapewi cha kila siku. Hilo ni fundisho la malezi, kongwe kuliko duka lolote la Mwanga: kuku huchinjwa kwa ajili ya mgeni, shuka jipya hutolewa sandukuni, watoto hulala chini ili mgeni apate kitanda. Fundisho hilo halijabadilika. Kilichobadilika ni kitu kinacholibeba, na hapo ndipo tangazo lilipofanyia kazi yake.

Tunapenda kulaumu matangazo kwamba yanaharibu maadili, kana kwamba yanaingia kwenye vichwa vitupu. Mimi nadhani tunayapa nguvu yasiyokuwa nayo. Sekunde 30 za redio haziwezi kushindana na miaka 15 ya mama, bibi, ustadhi wa madrasa na marafiki wa uwanjani. Kampuni zinalijua hilo, ndiyo maana hazijaribu kushindana. Zinatafuta thamani ambayo malezi yamekwisha kuipanda, kama heshima ya mgeni, mapenzi kwa mtoto, hofu ya kusemwa au hamu ya kijana kuonekana mtu mzima, kisha zinaifunga kwenye bidhaa. Kwa hiyo mtu anayetaka kuelewa tangazo fulani aanze na swali moja: limekopa fundisho gani la nyumbani?

Ukopaji huo ni rahisi kwa sababu malezi na matangazo yanatumia vifaa vilevile. Mtoto wa Kiha hafundishwi salamu kwa somo la ubaoni. Anamwona dada yake akiinama na kugonga viganja taratibu mbele ya mzee, naye anaiga, anasifiwa. Siku akimpita mzee kimya anaitwa arudi, mbele ya wenzake, na aibu ile haimtoki. Hapo kuna mtu wa kuigwa, kuna marudio, kuna sifa, kuna aibu. Mwaka 1961 Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliwaonyesha watoto mtu mzima akilipiga sanamu la mpira. Walipoachwa nalo wengi wakalipiga vilevile, hata kwa maneno yaleyale, bila kuambiwa. Robert Zajonc naye mwaka 1968 alionyesha kwamba alama ambazo watu hawajui hata maana yake hupendwa zaidi kadiri zinavyoonekana mara nyingi. Hakuna hoja iliyotolewa, ni kuonekana tu.

Sasa sikiliza tangazo lolote la sabuni ya unga. Mtu wa kuigwa ni mwigizaji anayejulikana. Marudio ni wimbo mfupi unaopigwa kutwa nzima, mpaka watoto wa chekechea wanauimba wakichota maji. Sifa ni jirani anayeuliza shuka zimekuwaje nyeupe hivi. Aibu ni kola ya shati la mume kazini. Kuhusu sabuni yenyewe, ina nini, inatosha nguo ngapi, utasikia sekunde tatu au nne.

Ujiji inatukumbusha kwamba watu walikuwa na mitindo yao kabla matangazo hayajazaliwa. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika pale mwaka 1858 walikuta soko lenye taratibu zake, na miaka ya 1870 shanga zilizoitwa sofi zilikuwa ndiyo fedha ya soko hilo. Njia nzima kutoka pwani ilitembea kwa vitambaa vya merikani na kaniki na kwa shanga za aina nyingi mno, na kila nchi ilikuwa na shanga inayoitaka. Msafara uliobeba rangi isiyopendwa mahali fulani ulijikuta na mzigo usionunua hata kuku. Ilimbidi mfanyabiashara aulize kwanza, afungashe baadaye. Ladha ilikuwa ya wanunuzi, yeye aliitii.

Karne ya 20 iliugeuza mwelekeo huo. Mwaka 1929 Edward Bernays, mtaalamu wa ushawishi aliyelipwa na kampuni ya American Tobacco, alipanga wanawake wavute sigara hadharani katika maandamano ya Pasaka mjini New York, na sigara zile zikabatizwa mienge ya uhuru. Hamu ya usawa hakuiumba yeye. Wanawake wa Marekani walikuwa wamepigania haki ya kura kwa miongo mingi mpaka wakaipata nchi nzima mwaka 1920. Bernays aliikopa hamu hiyo na kuifungia ndani ya tumbaku, zao lilelile linalolimwa Urambo na Kasulu. Kampuni ya almasi ya De Beers nayo ilianza mwaka 1938 kuilipa kampuni ya matangazo ya N. W. Ayer ili Wamarekani waone uchumba haujatimia bila almasi, na mwaka 1947 ikaja kaulimbiu kwamba almasi ni ya milele. Ahadi ya ndoa ilikuwepo tangu zamani, jiwe likaongezwa. Mwadui kule Shinyanga almasi ziligunduliwa mwaka 1940, wala watu wa pale hawakuposa kwa almasi. Leo kijana wa Kigoma aliyekwisha kupeleka barua na kishika uchumba anaambiwa bado, mpaka apige goti na kuvisha pete mbele ya simu tatu zinazorekodi.

Kwetu mlango ulifunguka kwa kuchelewa. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Ila somo lililoiandalia nafasi lilikuja mapema, nalo halikutoka kwa mtu wa matangazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari na mafuta vilikuwa vya foleni. Kigoma ilijisitiri kwa sabuni ya mawese na ya mise, zile kokwa za chikichi, na kwa kuwa ya dukani haikuonekana, ya dukani ikawa na fahari. Watu waliokulia kwenye foleni walijifunza kwamba kitu kilichofungwa kiwandani ni bora kwa kuwa tu kimepatikana. Biashara ilipoanza kulegezwa kuanzia 1984, bidhaa zilikuta tayari kuna macho yanayoziheshimu. Kwenye mafuta ya kula fahari hiyo bado inaishi.

Turudi basi kwenye dumu na ndoo. Sehemu kubwa ya mafuta meupe yanayouzwa nchini ni mawese yaliyosafishwa, malighafi yake ikitoka Malaysia na Indonesia. Soma ubavuni mwa ndoo: ukikuta “palm olein”, hayo ni ya mchikichi. Mti wenyewe asili yake ni Afrika, na mashamba ya Asia yanarudisha ukoo wake kwenye miche minne iliyopandwa bustani ya Bogor, Java, mwaka 1848. Kwa maneno mengine, mama wa Gungu anayeficha mawese na kutoa ndoo anampikia mgeni mafuta ya mti uleule.

Kilichopotea katikati ni rangi. Wekundu wa mawese unatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kilo moja ya mawese ghafi mazuri huwa na miligramu 500 hadi 700 za karotini, yaani kijiko kikubwa kimoja cha gramu 14 kina kama miligramu 7 hadi 10. Kiwandani mafuta huondolewa utomvu, huchanganywa na udongo maalumu unaonyonya rangi, halafu hupitishiwa mvuke katika ombwe kwa nyuzi joto 240 hadi 260 ili harufu iondoke. Karotini inakwenda na rangi hiyo. Kisha, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye vyakula, mafuta ya kula yanayotoka viwandani yanapaswa kuongezwa vitamini A, na pakiti ikapata neno la kujivunia. Kanuni ni nzuri, sina ugomvi nayo; zipo sehemu za nchi hii ambako hakuna mchikichi hata mmoja. Kigoma, hata hivyo, tunalipia kuondolewa kitu, tukalipia na kurudishiwa, kisha tukasifu chupa.

Neno lingine la kujivunia ni kwamba mafuta hayana lehemu, yaani kolesteroli. Ni kweli. Lehemu ni ya vyakula vinavyotokana na wanyama. Alizeti, karanga, ufuta na mawese ya dumu, hakuna yenye lehemu ya kuhesabika. Sentensi hiyo haina uongo wowote, na bado inamfanya mnunuzi aamini kwamba mafuta ambayo hayajaandikwa hivyo yanayo. Mbinu hii ninaiona hatari kuliko uongo, maana uongo unashtakiwa.

Je, hoja ya kuganda? Mawese huyeyuka yote kwenye nyuzi joto 35 hivi, ndiyo maana asubuhi ya Kasulu, kwenye baridi ya milimani, dumu linaganda wakati la Kibirizi, kando ya ziwa, ni laini zaidi. Mwili una nyuzi 37, na mafuta hayatembei kwenye damu kama yalivyokuwa chupani. Lakini kuganda kunatuambia jambo la kweli: karibu nusu ya mawese ni mafuta yenye asidi shibifu, ambazo zikizidi huongeza lehemu kwenye damu, ilhali alizeti ina kama asilimia 11 tu. Palm olein haigandi kirahisi kwa sababu sehemu nzito imechujwa, lakini shibifu zake bado zinazidi asilimia 40. Mwenye shinikizo la damu au historia ya ugonjwa wa moyo katika familia ana sababu ya kupunguza mawese, na ana sababu ileile ya kupunguza yale meupe ya ndoo. Kuhama kutoka dumu kwenda ndoo hakumsaidii kitu.

Harufu ndiyo hoja yenye haki zaidi, na hapa wazalishaji wetu wamelisaidia tangazo. Chikichi likikatwa na kupondeka, vimeng'enya vilivyomo kwenye tunda huanza kuvunja mafuta kuwa asidi huru. Mikungu ikirundikwa shambani wiki nzima ili chikichi zipukutike zenyewe, jambo linalorahisisha kazi, asidi hupanda na mafuta yanakuja makali, yanakereketa koo. Biashara ya kimataifa huweka kikomo cha asilimia 5 ya asidi hiyo kwa mawese ghafi. Mkungu uliorundikwa sana hupita hapo bila shida. Dawa ni kuchemsha chikichi ndani ya siku moja au mbili tangu kukatwa, kwa sababu joto la maji yanayochemka huua vimeng'enya, kisha kukamua, kuchuja, na kuyapasha tena mafuta kwa moto mdogo mpaka yaache kupasukapasuka. Mlio huo ni wa maji yaliyobaki, na maji ndiyo yanayoharibu mafuta dumuni. Baadhi ya wapishi hukwepa harufu kwa kuyaunguza mawese mpaka yafuke moshi na rangi ipauke. Harufu inaondoka kweli, na karotini inaondoka nayo. Wanakuwa wamefanya jikoni kile ambacho kiwanda kilifanya, bila mtu wa kuwarudishia vitamini.

Kwa hiyo mafuta meupe yana sifa zake: yanavumilia kukaangia, hayana rangi inayong'ang'ania vyombo, ubora wake haubadiliki kutoka ndoo hadi ndoo. Anayeyachagua kwa hayo amechagua kwa akili. Anayeyachagua ili wakwe wasimwone mshamba amefuata malezi yake, na mtu mwingine ndiye aliyepanga malezi hayo yaelekee dukani.

Kubeti ni mfano mkali zaidi, kwa sababu fundisho linalokopwa ni la vijana wao kwa wao, na fedha inayopotea inahesabika. Mvulana wa Kigoma amelelewa na mpira. Anajua kikosi cha Simba au Yanga kabla ya kujua majina ya mawaziri, na mtaani heshima ya kijana ni kubashiri matokeo na kusema “niliwaambia”. Tangazo la kubeti linakuja kumwambia kwamba maarifa hayo ni mtaji. Linamtukuza kwa kitu anachokipenda, kisha linamwonyesha mshindi akiwa ameshika mfano wa hundi mkubwa kama mlango. Waliochaniwa mikeka, yaani waliopoteza ubashiri wao, hawaalikwi kwenye picha.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo maneno huishia. Chukua mkeka wa mechi kumi, ambao hulipa tu ukipatia zote, kila mechi ikiwa na odi, yaani kizidisho cha malipo, ya 1.50. Odi zikizidishwa zinafika 57.67, hivyo shilingi 1,000 inaahidi 57,665. Inavutia. Sasa tuseme kampuni imejiwekea faida ya asilimia 5 kwenye kila mechi, jambo la kawaida katika biashara hiyo. Maana yake uwezekano halisi wa kila timu kushinda ni kama asilimia 63. Zidisha 0.633 kwa yenyewe mara kumi, unapata asilimia 1 na kidogo tu: mkeka mmoja katika kila mikeka 96. Kijana atatumia 96,000 kwa wastani ili apate 57,665. Angeweka mechi moja moja, katika kila shilingi 100 angerudishiwa wastani wa 95. Kwa mkeka wa mechi kumi anarudishiwa 60. Makato yanazidi kila mechi inapoongezwa, na ndiyo maana bonasi hutangazwa kwa mikeka mirefu, si mifupi.

Kinachomrudisha kibandani ni hesabu nyingine. Katika mkeka huohuo, uwezekano wa kupata mechi tisa na kukosa moja ni asilimia 6, karibu mara sita ya uwezekano wa kushinda. Kwa hiyo kijana anayecheza mara kwa mara ataona mikeka mingi iliyochanwa na timu moja kabla hajaona mmoja uliotiki. Kila mmoja unamfundisha kwamba alikaribia. Marafiki wanasimuliana hiyo timu moja kwa wiki nzima, na simulizi hiyo ni tangazo ambalo kampuni haikulilipia. Sheria inakataza kubeti kwa aliye chini ya miaka 18, lakini mazungumzo ya kijiweni hayana umri, na mwenye miaka 14 akitimiza 18 tayari amehitimu.

Wazazi wengi hupambana na hili kwa kusema kamari ni haramu au ni dhambi. Sina neno na mafundisho ya dini, ila angalia yanapopita kando: kijana haoni kwamba anacheza kamari, anaona anatumia ujuzi wa mpira. Mwalimu wa hisabati wa kidato cha pili anayezidisha 0.633 ubaoni mara kumi, darasa zima likitazama namba inavyoporomoka, atafanya kazi ambayo mahubiri hayaifikii.

Mkorogo, yaani krimu za kujichubua, nitaupita haraka, kwa kuwa umesemwa sana. Ujiji na miji yote ya Waswahili ina desturi ya kumsinga bibi harusi, kumpaka liwa na kumtunza ngozi siku kadhaa kabla ya ndoa. Wauza krimu waliingia kwenye wiki hizohizo. Aliyekuwa akisingwa awe laini sasa anapakwa awe mweupe, na anayempaka ni watu walewale, mashangazi na somo wake, kwa mapenzi yaleyale. Cha kufanya ni kusoma pakiti. Ukiona “hydroquinone”, “calomel”, “mercurous chloride” au “clobetasol”, rudisha rafuni. Calomel na mercurous chloride ni zebaki, nayo huumiza figo. Hydroquinone ikitumika muda mrefu inaweza kuacha mabaka ya bluu-nyeusi yasiyofutika. Steroidi kama clobetasol hupunguza unene wa ngozi mpaka kidonda kidogo kinakawia kupona. Krimu isiyoandika viungo kabisa ni mbaya kuliko zote hizo. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango.

Maziwa ya kopo kwa watoto wachanga yanakopa fundisho lililo ndani kuliko yote, mapenzi na woga wa mama. Ndiyo maana mwezi Mei 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuzuia matangazo yake kwa umma, kura 118 dhidi ya moja, na hiyo moja ilikuwa ya Marekani. Hesabu ya kopo ni fupi. Mtoto wa miezi minne anayelishwa maziwa hayo peke yake hutumia kama gramu 120 za unga kwa siku, kwa hiyo kopo la gramu 400 linakwisha siku ya nne. Mama akilivuta lifike wiki, anazidisha maji, na mtoto anashiba tumbo bila lishe; na maji hayo yakiwa ya ziwani yasiyochemshwa, kuhara kunafuata. Hapa tangazo lilizuiwa kwa sheria, na nadhani palistahili.

Kuna matangazo ambayo hata hatuyaiti matangazo. Maduka mengi yaliyo kando ya barabara kutoka stesheni kwenda Mwanga yamepakwa rangi za kampuni za simu au vinywaji. Mwenye duka anapata rangi ya bure, jina lake likaandikwa dogo kwenye kona. Watoto wanaelekezana njia kwa rangi ya kampuni: ukifika duka jekundu kata kushoto. Utafiti wa Zajonc unatosha kueleza kampuni inanunua nini pale kwa ndoo mbili za rangi.

Watoto wadogo wanahitaji kuzungumziwa peke yao. Wa chini ya miaka saba au minane anaweza kutofautisha katuni na tangazo, lakini bado haelewi kwamba tangazo lina mtu anayetaka kumuuzia. Sweden ilipiga marufuku matangazo ya televisheni yanayolenga watoto wa chini ya miaka 12 tangu 1991, kwa msingi kwamba si haki kushindana na asiyejua kuna shindano. Sisi hatujafika huko. Nyumbani, hata hivyo, mzazi ana nafasi ambayo Sweden haiwezi kuipita: kuzungumza wakati tangazo linaendelea. “Huyu amelipwa kusema hivyo.” “Hii soda imewekwa nini?” Mtoto wa miaka tisa anaweza kupewa pakiti mbili za sabuni ya unga, ndogo na kubwa, agawanye bei kwa gramu. Mara nyingi atakuta ile ndogo, inayosifiwa kwa unafuu, ndiyo ghali kwa gramu. Pakiti ndogo si wizi. Anayelipwa kwa siku hana fedha ya kubwa. Ila ajue analipia udogo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko. Mlalamikaji aandae tangazo lenyewe, risiti, na maelezo ya sentensi ipi si ya kweli. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu matangazo mazuri hayasemi sentensi. Yanaonyesha meza, wakwe wanaotabasamu, na chupa katikati. Hakuna tume inayoweza kushtaki tabasamu.

Kilichobaki ni upande wa wenye mawese. Tangu 2018 serikali imehimiza upya kilimo cha michikichi Kigoma, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu za tenera, aina ya mchikichi wenye mafuta mengi. Mafuta yataongezeka. Yakiendelea kuuzwa kwenye dumu lililobeba dizeli jana, hakuna kampeni itakayoyapandisha kwenye meza ya mgeni. Kikundi cha wakamuaji kinachotaka kushindana kianze na mkungu wa siku mbili na chupa mpya isiyopitisha mwanga mwingi, maana jua nalo hula karotini. Kisha kichukue barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, na kwenda nayo TBS. Kwenye lebo kiandike tarehe ya kukamuliwa, asilimia ya asidi iliyopimwa, na kwamba rangi ni karotini ya chikichi yenyewe. Kisiandike kwamba mafuta hayana lehemu. Na picha ya kwenye lebo isiwe ya jiko la kuni na bibi, kama ilivyo kwa kila bidhaa inayojiita ya asili. Iwe ya sinia la wali na mgebuka mzima, limetengwa sebuleni, mgeni akinawishwa mikono.